Mgeni Asiyejua Kitu: Kisa cha mchezo wa chatiboti kwa waongoza wageni wa Lamu

## Usuli

Kisa hiki ni cha vijana kumi waliokuwa wakijifunza kazi ya kuongoza wageni katika mji wa Lamu. Saba walikuwa wavulana na watatu wasichana, na wawili kati ya hao watatu walitaka kupokea wageni nyumbani na kuwafunza mapishi badala ya kuwatembeza vichochoroni. Majina, mtaa, kituo na mwaka vimeondolewa. Vifaa vilikuwa simu nne za kituo, bando la kununuliwa kila wiki, na chatiboti ya bure, yaani programu inayojibu kwa maandishi, ambayo kila mtu anaweza kuifungua kwenye simu.

Wengi wao walizijua habari za mji vizuri. Walichokosa ni mtu wa kuwauliza. Mwongoza wageni mzoefu hawezi kuandamana na wanafunzi kumi nyuma ya wageni wawili katika kichochoro ambacho punda mmoja mwenye shehena anakijaza, na msimu wa wageni ulikuwa bado. Msimamizi akaona chatiboti ingeweza kushika nafasi ya mgeni.

Agizo la mwanzo, yaani maneno ya kuiambia chatiboti la kufanya, lilikuwa mstari mmoja: "Niulize maswali kama mtalii aliyekuja Lamu." Kwa dakika chache lilifanya kazi. Kisha kila mazungumzo yakafa kwa namna ile ile. Kijana anajibu kwa maneno manane, chatiboti inasema "Jibu zuri sana!", halafu inamwaga aya tatu za maelezo kuhusu kitu kile kile alichoulizwa kijana. Kufikia swali la sita mwanafunzi amekuwa msomaji na mashine ndiyo inayotembeza wageni.

Hapo ndipo lilipokuja wazo la kuyageuza mazungumzo kuwa mchezo, wenye zamu, alama, na uwezekano wa kushindwa.

## Jaribio la kwanza: "Wewe ni bwana wa mchezo"

Agizo lililotumika lilifanana na mengi yanayozunguka mitandaoni. Chatiboti iwe bwana wa mchezo, ieleze mandhari, itoe changamoto, irushe dadu, ihesabu alama, itangaze mshindi. Yaani mashine ilipewa kila kazi isipokuwa ile ya mchezaji. Wiki moja ilitosha kuonyesha kasoro sita, na inafaa kuzitaja na sababu zake, kwa kuwa anayejaribu jambo hili popote atakutana nazo.

Ya kwanza, hakuna aliyeshindwa. Kijana mmoja alijaribu kwa makusudi: akajibu "sijui" mara nne mfululizo, akapewa alama kwa "uaminifu wake". Programu hizi hufunzwa kwa sehemu kutokana na majibu ambayo watu waliyapendelea, na watu hupendelea kusifiwa. Usipoifunga mikono, chatiboti itakubeba hadi ushinde.

Ya pili, ilimsemea mchezaji. Iliandika swali la mgeni, ikaandika jibu la mwongoza wageni, ikaendelea na swali linalofuata. Kazi yake ni kuendeleza maandishi, na katika maandishi ya mazungumzo baada ya swali huja jibu. Isipoambiwa isimame wapi, huenda isisimame.

Ya tatu, Lamu iligeuka kuwa mahali pengine. Amri za "bwana wa mchezo" zina asili katika michezo ya mezani iliyoanza Marekani miaka ya 1970, ya mashimo, mazimwi na hazina, na mashine imesoma maandishi mengi mno ya aina hiyo. Neno lenyewe likaivuta huko. Kwenye simu moja mlinzi wa lango alitaka nenosiri la siri. Kwenye nyingine mgeni alitoka uwanja wa ndege kwa tuktuk hadi mlangoni pa nyumba, ilhali uwanja uko kisiwani Manda na mtu huvuka maji kwa boti kuja mjini.

Ya nne, alama zilipotea. Baada ya zamu kama kumi na tano kijana mwenye alama 22 aliambiwa ana 14, alipolalamika akaombwa radhi na kupewa 30. Chatiboti haina daftari ndani yake. Kila zamu inayasoma upya mazungumzo yaliyopo na kukisia kinachofuata, na kadiri mazungumzo yanavyorefuka ndivyo hesabu ya mwanzo inavyofifia.

Ya tano, dadu haikuwa dadu. Waliporudia kuomba namba kati ya 1 na 6, zilikuja 4 na 5 kwa wingi, na 1 ikawa adimu. Namba hiyo haichaguliwi kwa bahati. Inachaguliwa kama neno lingine lolote, kwa kuangalia lipi linaelekea kufuata.

Ya sita ndiyo iliyomshtua msimamizi. Katika zamu moja chatiboti ilieleza kwa ufasaha kamili kwamba Ngome ya Lamu ilijengwa na Wareno mwaka 1593. Mwaka huo ni wa kuanza kujengwa Fort Jesus ya Mombasa, iliyomalizika 1596. Ngome ya Lamu ilianza 1813 ikamalizika 1821, Wareno wakiwa wameondoka zamani. Vijana watatu waliinakili habari ile kwenye madaftari yao.

## Jaribio la pili: agizo la kurasa mbili

Msimamizi alifanya ambalo wengi hufanya: akaandika katazo kwa kila kosa. Usinisemee. Usinisifu. Usitaje mazimwi. Usiandike zaidi ya sentensi tatu. Usisahau alama. Usitunge historia. Agizo likafika kurasa mbili na makatazo ishirini na kitu.

Halikusaidia, na mengine yakazidi. Makatazo mengi hutaja vitu usivyovitaka, na kuvitaja ni kuviweka mezani. Simu moja ilianza mchezo kwa kusema, "Hapa hakuna mazimwi." Pia Kiswahili hukatwa vipande vingi zaidi ya Kiingereza ndani ya programu hizi, kwa sababu vipande vyenyewe, yaani tokeni, vilitengenezwa kutokana na maandishi ambayo sehemu kubwa ni Kiingereza. Neno kama "tutawapeleka" linaweza kuwa vipande vinne au zaidi. Kurasa mbili za Kiswahili basi hujaza nafasi kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho. Na kubwa kuliko yote, baadhi ya makatazo yale yalikuwa yakiiomba mashine kitu isichoweza. Huwezi kuiamuru ikumbuke alama wala isikosee historia. Itakubali, kisha itasahau na itakosea.

Agizo hili lilidumu siku mbili.

## Uamuzi: toa kila kitu nje ya mashine, ibakize sauti

Kilichofuata kilitokana na swali moja la msichana mmoja wa kikundi: "Mwalimu, kwani kitendawili huamuliwa na nani?" Katika kitendawili cha kwetu, anayetega hutega, anayetegewa hufikiri, na waliokaa hapo wote ndio mashahidi wa jibu. Akishindwa anaambiwa "Nipe mji", anataja mji, ndipo anafunguliwa. Hakuna mtu mmoja anayetega, akajibu, akahesabu na kuhukumu.

Kwa mwongozo huo kazi ziligawanywa upya.

Chatiboti ilibaki na kazi moja tu, ambayo inaiweza vizuri sana: kuwa mgeni anayesema na kuuliza. Alama zilihamia kwenye daftari, mkononi mwa mwenzake mchezaji. Vijana wakacheza wawiliwawili, mmoja akichapa na mwingine akiwa mshika daftari, kisha wakibadilishana. Bahati ilihamia kwenye kauri nne zinazorushwa mezani. Ukweli ulihamia kwenye karatasi moja yenye mistari ishirini, iliyosomwa na kusahihishwa na mwongoza wageni mzee kabla haijatumika: ngome, 1813 hadi 1821, Msikiti wa Pwani, 1370, mji kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, 2001, magofu ya Takwa yako Manda, wikio (chumba kinachovuka juu ya kichochoro) ni nini na kwa nini nyumba mbili huunganishwa hivyo, boriti za nyumba za zamani ni mikoko, na kadhalika.

Kuhusu historia kulikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa kuibandika karatasi ya ukweli ndani ya agizo ili chatiboti isikosee. Msimamizi aliikataa, na alikuwa sahihi. Mgeni anayejua yote hana haja ya kuongozwa, na mashine iliyopewa jibu hukimbilia kulitoa. Njia ya pili ilikuwa kuyafanya makosa ya mashine yawe sehemu ya mchezo. Mgeni ni mtu ambaye amesoma kidogo, na mengine aliyosoma si sahihi. Akikosea, mchezaji akimsahihisha kwa adabu anapata alama 2. Kwa mkato huo tatizo kubwa kuliko yote likawa mazoezi bora kuliko yote, kwa kuwa wageni wa kweli hufika na habari nusu nusu kila siku.

## Agizo lenyewe

Hili ndilo lililobaki. Katazo lililomo ni moja tu.

"Tunacheza mchezo wa mazungumzo. Wewe ni MGENI kutoka Nairobi, umefika mji wa Lamu leo asubuhi kwa mara ya kwanza. Umesoma kidogo kuhusu mji huu, na baadhi ya uliyosoma si sahihi, lakini wewe unayaamini. Mimi ni mwongoza wageni wako.

Kila zamu andika maneno ya MGENI peke yake: sentensi mbili fupi, ya pili iwe swali. Kisha simama unisubiri.

Lamu ni kama ilivyo: vichochoro vyembamba, punda, mashua na boti, nyumba za mawe, misikiti, watu na shughuli zao.

Kila zamu nitaanza kwa mstari wa hali ya mchezo. Ufuate huo. SABURI ikiwa 4 au 5, wewe ni mchangamfu. Ikiwa 2 au 3, unaanza kuchoka na maswali yako ni makali. Ikiwa 1, unafikiria kurudi hotelini. Usinipe alama, anazo mwenzangu.

Mfano wa zamu yako: MGENI: Nimesikia nyumba zenu hazina madirisha ya nje kwa sababu ya kuogopa majambazi. Ndivyo?"

Mfano ule mmoja wa mwisho ulifanya kazi kuliko makatazo yote ya jaribio la pili. Unaonyesha urefu, sauti, mahali pa kusimama, na aina ya kosa linalotakiwa. Ukiondolewa, sentensi zinarefuka tena kufikia zamu ya tatu.

Mstari wa hali huchapwa na mchezaji kabla ya jibu lake, kila zamu bila kuruka: "Zamu 7 kati ya 12. Saburi 3. Miji 2. Mahali: mbele ya ngome. Tukio: bei." Saburi ni uvumilivu wa mgeni uliobaki, na miji ni ile mchezaji anayotoa akikosea, kama katika kitendawili. Mstari una maneno machache lakini ndio kumbukumbu ya mchezo. Kwa kuwa unarudiwa, daima uko karibu na mwisho wa mazungumzo, mahali ambapo mashine inapaona vizuri zaidi.

Kauri huleta tukio. Hurushwa nne pamoja, na huhesabiwa zilizoanguka mdomo juu:

0: mgeni amezidiwa na jua
1: swali la historia
2: swali la adabu (mavazi, kupiga watu picha, kuingia msikitini)
3: bei
4: jambo la ghafla (maji yamekupwa na boti haifiki gatini, punda wamefunga njia, mgeni amepotea)

Mpangilio huu si wa kubahatisha. Kwa vitu vinne vyenye pande mbili zilizo sawa, 2 hutokea mara 6 kati ya 16, 1 na 3 mara 4 kila moja, na 0 na 4 mara moja moja. Kauri hazianguki sawasawa kama sarafu, lakini umbo la hesabu linabaki: katikati huja mara nyingi, ncha ni nadra. Ndiyo maana adabu, ambayo ndiyo huwaponza vijana kuliko historia, iliwekwa kwenye 2.

Mchezaji huanza na saburi 5 na miji 3. Jibu la kweli na lenye maelezo ni alama 1. Kusahihisha kwa adabu ni alama 2. Jibu fupi mno au la kukwepa hupunguza saburi 1. Kusema uongo, au kuukubali uongo wa mgeni, kunagharimu mji mmoja. Mchezo unakwisha zamu ya 12, au saburi ikifika 0, au miji ikiisha. Zamu 12 huchukua kama nusu saa, na ukivuka hapo hata mstari wa hali hauwezi kuizuia sauti ya mgeni isiyumbe. Kila mchezo hufunguliwa katika mazungumzo mapya. Kuendeleza ya jana ni kuburura uchafu wake.

## Zamu moja kama ilivyochezwa

Mchezo wa wiki ya tatu, zamu ya 4, kauri zimeleta 1. Chatiboti: "MGENI: Hii ngome inanikumbusha ile ya Mombasa, Wareno walijua kujenga. Waliichagua sehemu hii kwa nini?"

Kijana alijibu: "Hapana, umekosea. Si Wareno."

Mshika daftari alimpa alama 1, si 2, na akapunguza saburi. Habari ni ya kweli lakini mgeni ametahayarishwa na hakuna alichofunzwa. Zamu iliyofuata chatiboti ikaja kama ilivyoagizwa, na swali kali: kama si wao, basi ni nani, na kwa nini aendelee kutembea juani kwa jengo asiloelezwa?

Siku mbili baadaye kosa lile lile lilirudi kwa kijana yule yule, na safari hii aliandika: "Wengi huzichanganya, kwa sababu ile ya Mombasa kweli ni ya Wareno. Hii yetu ilianza 1813 ikamalizika 1821, na Waomani walisaidia kuimaliza. Twende kivulini nikuonyeshe lango." Alama 2. Tazama mambo aliyoyafanya: amempa mgeni sababu ya kukosea isiyomdhalilisha, ametoa miaka, na amekumbuka jua. Hayo yote yametoka kwake. Chatiboti haikuandika hata neno moja la historia.

## Mambo yaliyozuka njiani

Mzazi mmoja alifika kituoni kuuliza kuhusu kauri. Alikuwa amesikia vijana wanarusha vitu mezani na kuhesabu, na tena ilibainika kwamba wawili walikuwa wamewekeana shilingi ishirini kwa kila mchezo. Hoja yake ilikuwa nzito na ilichukuliwa hivyo. Pesa zilipigwa marufuku siku hiyo hiyo, ikaandikwa juu ya karatasi ya mchezo kwamba kauri huchagua swali tu, hazimpi mtu ushindi wala hasara. Muda wa mchezo pia ukahamishwa ili umalizike kabla ya Magharibi. Anayepeleka mchezo wa namna hii mahali penye wazee alieleze jambo hili mwanzoni, asingoje kuulizwa.

Ubao wa washindi ulibandikwa ukutani Jumatatu na kubanduliwa Alhamisi. Walioko juu walianza kuchagua majibu mafupi salama kulinda nafasi zao. Kijana aliyekuwa wa mwisho hakurudi tena. Huyu ni hasara halisi ya kisa hiki, na haikuwa lazima.

Kijana mwingine alibandika ndani ya chatiboti ujumbe wa mteja wake wa kweli, pamoja na jina na hoteli, ili "mgeni awe halisi". Alifutiwa mazungumzo yale na kanuni ikaongezwa: habari za mtu aliye hai haziingii kwenye mchezo.

Kisha kuna Kiamu, lahaja ya Kiswahili ya Lamu. Vijana walichapa kama wasemavyo. "Ndia hiyo" mashine iliisoma kama "ndiyo", ikadhani imekubaliwa. "Mui" badala ya mji, ikafanywa jina la mtu, na mgeni akauliza bwana Mui anaishi wapi. Uamuzi ulikuwa kuandika Kiswahili sanifu kwenye skrini na kusema Kiamu mezani. Ulikuwa uamuzi wa lazima, ila una uchungu wake: kijana wa Lamu kulazimika kubadili lugha yake katika mji wake ili mashine imwelewe. Jibu lingine halikupatikana.

## Matokeo

Baada ya wiki tano, msimamizi alimwomba mwalimu mmoja asiyewajua vijana aje kuwa mgeni wa kweli. Alipewa makosa matano ya kuyatamka njiani, na wote tisa waliobaki walitembea naye kwa zamu, robo saa kila mmoja.

Katika kusahihisha walifaulu kuliko ilivyotarajiwa. Sita waliyakamata makosa yote waliyosikia, na kwa adabu. Maswali ya bei na ya picha hayakumbabaisha hata mmoja. Wasichana wawili wa mapishi, ambao walibadilishiwa karatasi ya ukweli ikawa ya vyakula na viungo, ndio waliokuwa watulivu zaidi.

Sauti ndiyo iliyoanguka. Waliokuwa hodari wa kuchapa waliongea kwa haraka, macho chini, kama wanaosoma skrini ambayo haipo. Mmoja aliyekuwa na alama nyingi kuliko wote alimpita mgeni hatua kumi mbele huku akieleza wikio lililokwisha kubaki nyuma. Mchezo ulikuwa umewafunza cha kusema. Haukugusa kutembea, kungoja, wala kumtazama mtu usoni.

Jambo moja zaidi: kijana mmoja alimsahihisha mwalimu mahali ambapo mwalimu alikuwa sahihi. Aliambiwa mji uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2001, akasema hapana, ni 1991. Alikuwa amezoea kwamba mgeni akitaja mwaka, amekosea.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni mgawanyo. Amri za mchezo zinazosambaa huko nje zinaipa chatiboti cheo kikubwa, kisha watu wanashangaa kwamba hakimu hana haya, mhasibu hana daftari, na mwanahistoria hana kitabu. Mvuto wa mchezo hautoki kwenye maneno kama "changamoto", "ngazi" au "hongera". Unatoka kwenye kitu chenye kikomo ambacho kinaweza kuisha, na mtu wa kweli aliyekaa pembeni anayeona kikiisha. Saburi 5 na miji 3 viliwafanya vijana wakae mbele. Walipojaribu siku moja bila daftari, kwa agizo lile lile, mazungumzo yalirudi kuwa ya kivivu kufikia zamu ya tano.

Kumfanya mgeni awe asiyejua kulitatua udhaifu wa mashine bila kuipigania. Hata hivyo kulizaa udhaifu mwingine kwa mchezaji, ule wa 1991. Dawa iliyowekwa baadaye ni ndogo: katika agizo, "baadhi ya uliyosoma si sahihi" ikawa "karibu nusu ya uliyosoma ni kweli", na daftarini kukawa na adhabu ya mji mmoja kwa kusahihisha kilicho sahihi. Mshika daftari lazima awe na karatasi ya ukweli mkononi; bila hiyo, wote wawili wanakisia.

Kilichoshindwa zaidi kilikuwa upimaji. Kila alama ilihesabu maandishi, basi vijana wakaboresha maandishi. Tangu hapo mchezaji husimama, hulisema jibu kwa sauti akimtazama mshika daftari, na mshika daftari ndiye anayelichapa. Zamu zimeshuka kutoka 12 hadi 8 kwa muda ule ule. Njia ya kuzungumza na chatiboti kwa sauti moja kwa moja ilijaribiwa pia, lakini ililamba bando la wiki kwa siku mbili na iliyavuruga matamshi ya Kiamu kabisa.

Kuhama kwenda Kiingereza, kwa wageni wa nje, kulifanywa wiki ya sita kwa kubadilisha sentensi mbili tu za agizo: mgeni anatoka wapi, na anasema lugha gani. Kosa lililojitokeza ni lugha kuchanganyika, mgeni akijibu nusu kwa nusu kwa kuwa mstari wa hali ulikuwa bado wa Kiswahili. Ukiandikwa kwa Kiingereza nao, tatizo linaondoka.

Miji nayo ilibadilika. Mwanzoni anayeshindwa alitaja mji wowote na kuupoteza. Sasa anataja mji wa visiwa vya Lamu, na lazima autoe na sentensi moja ya kweli kuuhusu, isiyopata kusemwa na mwingine. Asipoweza, anatoa miwili. Matondoni ilikwenda na mafundi wake wa mashua, Siyu na ngome yake, Shela na vita vyake. Sentensi zikishakubaliwa na mzee zinaongezwa kwenye karatasi ya ukweli, ambayo kutoka mistari ishirini imepita arobaini. Mbele ya Ndau hapakuwa na sentensi kwa wiki nzima. Chatiboti iliulizwa, ikatoa nne kwa ufasaha wake wa kawaida, na hakuna iliyokubaliwa. Vijana wawili wametumwa kumtafuta mtu wa Ndau gatini, siku ya boti.